Kuuza Nyumba ya Marehemu Mzazi Wakati Watoto Wako Mbali

Mzazi akifariki, watoto hukutana. Wanazika, wanakaa matanga, kisha kila mtu anarudi anakoishi. Mmoja anarudi kazini Dar es Salaam. Mwingine anarudi Tunduru alikoolewa. Mwingine yuko ng'ambo, hata mazishi hakuyawahi. Kijijini anabaki mama mzee, au mdogo wao mmoja, au habaki mtu kabisa. Mvua inanyesha, mchwa wanapanda ukutani, bati linang'oka. Miaka miwili ikipita, mmoja wao anasema, "Jamani, hii nyumba tuiuze."

Kuuza si kosa. Nyumba isiyo na mtu huharibika, na fedha zake zinaweza kumtunza mama au kusomesha wajukuu. Lakini katika madarasa ya elimu ya watu wazima tunakopita, tunasikia malalamiko ya namna moja. Nyumba imeuzwa na mtu mmoja, wenzake wamesikia baadaye. Mnunuzi amekuja na mkataba mkononi, anamwambia mjane atoke. Ndugu waliozaliwa tumbo moja hawasalimiani tena.

Basi leo tutaeleza utaratibu wa kuuza nyumba ya marehemu kwa sheria za Tanzania Bara. Tutaeleza mambo ya kufanya kwa aliye mbali, na mambo ya kujihadhari kwa aliyebaki nyumbani. Someni polepole. Pale penye ugumu, someni mara mbili.

NYUMBA YA MAREHEMU NI YA NANI?

Wako watu wanaodhani kwamba mwenye ufunguo ndiye mwenye nyumba. Wengine wanadhani ni yule aliyeficha hati sandukuni. Wengine wanasema, "Mimi ni kifungua mimba, baba akifa mimi ndiye baba." Wote hao wanakosea.

Mtu akifa, mali yake inakuwa mirathi. Mirathi ni mali yote aliyoacha marehemu, pamoja na madeni yake. Mali hiyo inawangoja warithi, yaani watu wenye haki ya kurithi. Lakini mrithi mmoja hana ruhusa ya kuiuza peke yake. Hata warithi wote wakikubaliana kwa mdomo, bado haitoshi. Anayeweza kuuza nyumba kwa niaba ya marehemu ni mtu mmoja tu: msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama. Wakati mwingine Mahakama huteua wasimamizi wawili au zaidi.

Kama marehemu aliacha wosia na kumtaja mtu wa kuusimamia, mtu huyo naye lazima aende Mahakamani kwanza athibitishwe. Kutajwa katika wosia peke yake hakumpi ruhusa ya kuuza.

Hapa kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Baba anapokuwa hai lakini mgonjwa, pengine humpa mtoto wake hati ya uwakilishi. Hati hiyo humruhusu mtoto kufanya shughuli kwa niaba ya baba, pengine hata kuuza kiwanja. Baba akifa, hati hiyo nayo imekufa siku hiyo hiyo. Mtoto hawezi kuitumia tena, hata kama ina muhuri wa wakili na sahihi ya baba mwenyewe. Mtu hawezi kumwakilisha aliyekwisha fariki. Kwa hiyo mtu akija na hati ya namna hiyo anataka kuuza, mwulizeni swali moja: "Mwenye hati yuko hai?"

UTARATIBU WA KUFUATA

Hatua ya kwanza: Cheti cha kifo

Kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Kama mzazi amefia hospitali, hospitali inatoa karatasi ya taarifa ya kifo. Kama amefia nyumbani, nendeni kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata. Karatasi hiyo ipelekwe kwa Msajili wa Vizazi na Vifo wa Wilaya, ili mpate cheti. Kazi hii iko chini ya wakala wa serikali uitwao RITA.

Angalieni majina. Kama hati ya nyumba inasema jina moja na cheti cha kifo kinasema jina jingine, mtapata taabu mbele ya safari. Wazee wetu wengi walikuwa na majina mawili au matatu. Someni cheti pale pale mnapopewa, herufi kwa herufi, kabla ya kuondoka ofisini.

Hatua ya pili: Kikao cha familia

Warithi na wazee wa ukoo wakae. Wamchague mtu wa kupendekezwa Mahakamani awe msimamizi. Si lazima awe mtoto wa kwanza, na si lazima awe mwanaume. Chagueni mtu mwaminifu, anayejua kuweka hesabu, na anayeweza kufika Mahakamani anapoitwa. Mtu anayekaa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo atakula nauli nyingi. Pengine dada aliye wilaya ya jirani anafaa zaidi kuliko kaka mwenye cheo mjini.

Mambo yanayokubaliwa yaandikwe. Maandishi hayo huitwa muhtasari. Yaandikwe majina ya waliohudhuria, tarehe, jina la aliyependekezwa, na majina ya warithi wote. Msimsahau mtoto yeyote, hata aliyezaliwa nje ya ndoa au aliyepotea mjini miaka mingi. Haki yake itaamuliwa na sheria, lakini kumficha ni kuichimbia mirathi shimo. Siku akijitokeza, mambo yote yatarudi nyuma.

Hatua ya tatu: Mahakama

Maombi hufunguliwa Mahakama ya mahali alipokuwa akiishi marehemu. Mtoto anayeishi Dar es Salaam hafungui mirathi Dar es Salaam kama baba alikuwa akiishi Sengerema. Anafungua Sengerema.

Mirathi inayofuata sheria za kimila au sheria ya Kiislamu hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Nyingine hupelekwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, kutegemea ukubwa wa mali. Karani wa Mahakama atawaelekeza. Msiogope. Shughuli za Mahakama ya Mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili, na mtu anaweza kwenda bila wakili. Chukueni cheti cha kifo, muhtasari wa kikao na vitambulisho. Kama kuna wosia, nao uende.

Mahakama hutoa tangazo. Tangazo hilo ni la kuwaita wote wenye neno. Mwenye kupinga huleta pingamizi wakati huo. Tangazo likibandikwa ubaoni kijijini, lisomeni, na mwaarifuni aliye mbali. Kama hakuna pingamizi, au pingamizi limekwisha amuliwa, Mahakama humteua msimamizi na kumpa barua ya usimamizi. Barua hiyo ndiyo ruhusa yake.

Hatua ya nne: Orodha ya mali na madeni

Katika Mahakama ya Mwanzo, msimamizi hupewa miezi 4 tangu kuteuliwa kupeleka orodha ya mali zote na madeni yote ya marehemu. Orodha hiyo hujazwa katika Fomu Namba 5. Baadaye hupeleka hesabu ya mapato, matumizi na mgawo katika Fomu Namba 6. Mrithi yeyote ana haki ya kwenda Mahakamani kuuliza kama fomu hizo zimeletwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatua ya tano: Kuamua kama kuuza ni lazima

Msikimbilie kuuza. Kuna njia nyingine. Mnaweza kuipangisha nyumba na kodi ikamtunza mama. Mmoja wenu anaweza kuibakiza kwa kuwalipa wenzake sehemu zao. Mnaweza pia kungoja mpaka watoto wadogo wakue. Lakini kama nyumba inabomoka na hakuna wa kuitunza, au kuna madeni ya kulipa, kuuza kunaweza kuwa njia nzuri.

Mkiamua kuuza, kila mrithi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi aandike kwamba ameridhika. Watoto walio chini ya umri huo hawawezi kutia sahihi. Sehemu yao ilindwe, na Mahakama ielezwe.

Hatua ya sita: Bei, mkataba na malipo

Tafuteni bei ya kweli kabla ya mnunuzi hajaja. Mthamini anaweza kuwasaidia. Kama gharama yake ni kubwa, ulizeni nyumba za jirani ziliuzwa kiasi gani mwaka huo. Mtu aliye mbali hadanganyiki kwa jambo lingine kama anavyodanganyika kwa bei. Anayakumbuka maisha ya zamani, kumbe barabara ya lami imepita na kiwanja kimepanda mara tatu.

Nyumba ikiwa katika ardhi ya kijiji, kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kwa sheria hiyo, mauzo ya haki ya ardhi lazima yapate idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Sahihi ya Mwenyekiti peke yake, usiku, nyumbani kwake, si idhini ya Halmashauri. Mnunuzi awe raia wa Tanzania anayeishi au kufanya kazi kijijini hapo, au anayekusudia kufanya hivyo.

Nyumba ikiwa mjini na ina hati miliki, msimamizi kwanza huandikishwa kwa Msajili wa Hati, kisha ndipo anamhamishia mnunuzi. Kodi za mauzo hulipwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Ulizeni viwango kabla ya kupanga bei, msije mkashtuka baadaye. Mtu yeyote akidai ada, mwulizeni ni ada ya sheria gani, na adai kwa stakabadhi. Ada isiyo na stakabadhi ina walakini.

Fedha zilipwe benki, katika akaunti iliyofunguliwa kwa ajili ya mirathi. Zisilipwe mkononi gizani. Zisitumwe kwa simu ya mtu mmoja eti kwa sababu wengine wako mbali.

ALIYE MBALI AFANYEJE?

Ndugu uliye mbali, umbali haukuondolei haki yako. Lakini haki isiyofuatiliwa huliwa na wengine. Fanya mambo haya:

1. Kama huwezi kufika kwenye kikao, andika barua. Sema unakubali nani awe msimamizi, na taja jina lako katika warithi. Barua hiyo iapishwe mbele ya wakili au hakimu wa mahali ulipo. Kama uko nchi ya nje, nenda ubalozi wa Tanzania.

2. Omba nakala. Omba nakala ya cheti cha kifo, ya muhtasari, ya barua ya usimamizi, ya orodha ya mali, na ya mkataba. Siku hizi karatasi inapigwa picha kwa simu na kutumwa kwa dakika moja. Ndugu akisema "nakala hazipo", piga simu kwa mwingine.

3. Andika namba ya shauri la mirathi. Ukiwa na namba hiyo na jina la Mahakama, karani anaweza kukuambia shauri limefika wapi.

4. Usitie sahihi karatasi tupu. Wako wanaosema, "Kaka, tia sahihi hapa chini, sisi tutajaza huku." Usikubali hata kama anayeomba ni ndugu yako wa damu. Karatasi ikipotea njiani, hujui itajazwa na nani.

5. Kama wewe ndiye msimamizi na uko mbali, unaweza kumtuma mtu aonyeshe nyumba au afuatilie karatasi. Lakini dhamana inabaki yako. Mahakama itakuuliza wewe. Siku ya kutia sahihi mkataba, panda basi uende.

Jambo jingine ni heshima. Mtoto wa mjini anaweza kupiga simu na kusema, "Uzeni, mnitumie changu." Anasahau kwamba aliyebaki kijijini ndiye aliyemwogesha mzazi, ndiye aliyeuza mbuzi wake kununua dawa. Gharama hizo ziandikwe na zihesabiwe. Aliyebaki naye asifanye uuguzi kuwa hati ya nyumba. Mambo haya yakisemwa mapema kwa upole, mengi yanapatana.

ALIYEBAKI NYUMBANI AJIHADHARI

Zamani, wengi wetu tuliweka dole gumba bila kujua karatasi inasema nini. Karani alisoma anavyotaka, na sisi tulibonyeza wino. Leo wewe unayesoma gazeti hili unajua kusoma. Basi kisomo chako kitumie hapa.

Mtu akileta karatasi na kusema, "Shangazi, hii ni ya kuonyesha tu kwamba ulikuwepo kwenye kikao", ichukue. Kaa chini. Isome yote, toka juu mpaka chini. Tafuta maneno haya: "nimeridhia", "kuuza", "nimepokea", "sina madai". Ukikuta neno "nimepokea" na wewe hujapokea kitu, usitie sahihi. Ukikuta "sina madai" na mgawo bado, usitie sahihi. Kama taa imezimika au miwani imevunjika, sema, "Njoo kesho asubuhi." Karatasi ya haki haiharibiki kwa kulala usiku mmoja.

Mama mjane ajihadhari zaidi. Nyumba aliyoishi na mumewe si ya kumfukuza kama mpangaji. Kwanza, kama ana sehemu yake mwenyewe katika nyumba, kwa mfano jina lake limo katika hati, sehemu hiyo si mali ya marehemu. Haigawiwi. Pili, Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki halali ya ardhi ni batili. Tatu, sheria hiyo hiyo inaiagiza Halmashauri ya Kijiji kukataa mauzo yatakayomwondolea mwanamke haki yake ya kukaa katika ardhi. Kwa hiyo, mama, usikae ndani ukalia. Nenda kwenye Halmashauri kabla hawajapitisha mauzo, useme.

Na mabinti je? Kuna shauri mashuhuri kutoka Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera. Mama mmoja alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Akazeeka, hakuwa na mtu wa kumtunza. Mwezi Agosti 1988 akaiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wao. Jamaa yake wa kiume akaenda Mahakamani. Akasema kwa mila ya Kihaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana na huyo mwanaume. Mahakama ya Wilaya ikakataa. Shauri likafika Mahakama Kuu, Mwanza. Mwezi Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba Katiba yetu inakataza ubaguzi, kwa hiyo mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanaume. Mauzo ya yule mama yalisimama. Jamaa yake akitaka kuikomboa ardhi, aliambiwa alipe shilingi zile zile 300,000.

Hukumu hiyo si ruhusa ya kuuza ovyo. Yule mama alikuwa amekwisha rithi, ardhi ilikuwa yake. Lakini inatufundisha kwamba neno "wewe ni mwanamke" si jibu la kisheria katika kuuza.

MAKABURI YALIYOKO UWANJANI

Hili ni jambo zito, na mikataba mingi hulisahau. Katika sehemu nyingi za nchi yetu wazazi huzikwa uwanjani, nyuma ya nyumba au chini ya mwembe. Ukiuza nyumba na uwanja wote, umeuza na kaburi la mama yako. Mwenyeji mpya anaweza kujenga banda la kuku juu yake.

Zungumzeni mapema. Pimeni eneo la makaburi kwa hatua au kwa kamba, mliweke nje ya mauzo. Acheni na njia ya kupita kwenda kufagia na kuomba dua. Andikeni katika mkataba: "Eneo la makaburi, lenye urefu huu na upana huu, halikuuzwa, na familia ina haki ya kupita." Chora ramani ndogo, mnunuzi na mashahidi waitie sahihi. Ahadi ya mdomo haidumu. Mnunuzi naye anaweza kufa au kuuza kwa mwingine asiyewajua.

TUFANYE HESABU

Chukueni kalamu. Tuseme baba Mwislamu amefariki. Wazazi wake walikwisha tangulia. Ameacha mke mmoja, watoto wa kiume 2 na wa kike 3. Nyumba ni yake peke yake, na imeuzwa kwa shilingi 18,000,000.

Kwanza tunatoa gharama za mazishi, madeni na gharama za mauzo. Tuseme zote ni shilingi 2,000,000.

18,000,000 – 2,000,000 = 16,000,000

Kama hakuna wosia, kilichobaki ndicho kinachogawiwa. Mjane mwenye watoto hupata sehemu moja katika nane.

16,000,000 ÷ 8 = 2,000,000

Zimebaki shilingi 14,000,000 za watoto. Mtoto wa kiume hupata sehemu 2, wa kike sehemu 1. Wanaume 2 ni sehemu 4. Wanawake 3 ni sehemu 3. Jumla ni sehemu 7.

14,000,000 ÷ 7 = 2,000,000

Kila binti anapata shilingi 2,000,000. Kila mwana wa kiume anapata shilingi 4,000,000. Jumlisheni wenyewe mwone kama zinatimia 16,000,000.

Familia inayofuata sheria nyingine itakuwa na mgawo mwingine, na Mahakama ndiyo itakayosema ni sheria gani. Lakini mwanzo wa hesabu ni ule ule kwa wote. Madeni hulipwa kwanza, mgawo hufuata. Mtu akianza kugawa kabla ya kulipa madeni, wadai watabisha hodi fedha zimekwisha liwa.

Kila anayepokea aandike kwamba amepokea kiasi gani, lini, na mbele ya nani. Aliye mbali atumiwe benki, na karatasi ya benki itunzwe.

NENO KWA MNUNUZI

Pengine wewe msomaji huuzi, unanunua. Ukiambiwa "hii ilikuwa ya marehemu baba yetu", usitoe hata shilingi kumi kabla hujaona barua ya usimamizi. Nenda nayo Mahakamani umwulize karani kama ni ya kweli. Nenda kwa majirani uulize marehemu alikuwa na watoto wangapi, kisha hesabu sahihi za walioridhia. Kama watoto ni sita na sahihi ni nne, mbili ziko wapi? Bei ikiwa nafuu mno na muuzaji ana haraka ya kupanda basi la jioni, acha. Unaweza kupoteza fedha na nyumba pia.

MKIKOSANA

Ugomvi ukitokea, anzeni kwa wazee. Mkishindwa, nendeni kwenye Mahakama ile ile iliyomteua msimamizi. Msimamizi anayeficha mali, anayejiuzia mwenyewe kwa bei ya kutupa, au asiyeleta hesabu, anaweza kuondolewa na Mahakama na kuwekwa mwingine. Hamhitaji kuwa matajiri kwa kazi hiyo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huwasaidia bure watu wasio na uwezo. Ulizeni ofisi ya Ustawi wa Jamii ya Wilaya ni wapi wanapatikana.

Mkiona nyumba iko karibu kuuzwa na mtu asiye na barua, msingoje. Nendeni Mahakamani siku hiyo hiyo, na mwaarifuni Mtendaji kwa maandishi. Kuzuia mauzo ni rahisi kuliko kuyavunja. Nyumba ikishauzwa, ikabomolewa na kujengwa nyingine, shauri linaweza kuchukua miaka, na mama mzee hana miaka ya kungoja.

Ndugu wasomaji, mzazi alijenga nyumba ile tofali kwa tofali ili watoto wake wapate pa kukaa pamoja. Hata ikiuzwa, watoto wabaki wakisalimiana. Karatasi tulizozitaja zinachosha. Zina nauli, zina foleni, zina "njoo kesho". Lakini ndizo zinazomwezesha ndugu wa mbali na ndugu wa nyumbani kuaminiana bila kuonana.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni nani peke yake anayeweza kuuza nyumba ya marehemu? Anapewa ruhusa hiyo na nani?

2. Baba alimpa mtoto hati ya uwakilishi mwezi wa Machi, akafariki mwezi wa Mei. Je, mtoto anaweza kuitumia hati hiyo mwezi wa Juni? Kwa nini?

3. Taja maneno manne ya kutafuta katika karatasi kabla ya kutia sahihi.

4. Katika kijiji chenu, makaburi ya familia yako wapi? Mngeandika nini katika mkataba ili kuyalinda?

5. Rudieni hesabu yetu. Safari hii nyumba imeuzwa shilingi 26,000,000, na gharama na madeni ni shilingi 2,000,000. Mjane, kila binti, na kila mwana wa kiume watapata kiasi gani?